Mbwa aliyekatwa mguu akirudi nyuma: mwongozo kamili wa kumsaidia hatua kwa hatua

Swali ni lile lile kila mara. Mbwa kakatwa mguu, labda boda ilimgonga ama mtego ulimuumiza, siku ya pili alikuwa anasimama, siku ya tatu kaenda mpaka getini na nyumba nzima ikafurahi, halafu siku ya tano amelala hataki kuinuka, anatetemeka, chakula hataki, na mwenye mbwa anaona operesheni imeharibika. Wengine wanamvuta na mnyororo ati azoee. Wengine wanakimbia duka la dawa kununua diklofenaki, dawa ya maumivu ya watu. Hapo ndo shida inakuwa kubwa zaidi.

Mara nyingi kinachotokea ni hiki: zile dawa kali alizochomwa kliniki zimekwisha mwilini, uvimbe umepanda, na misuli imechoka sababu siku mbili tatu alifanya mengi kuliko uwezo wake. Saa zingine ni kidonda. Saa zingine ni sakafu tu. Kwa hiyo mbwa akirudi nyuma, na wewe rudi nyuma hatua moja pamoja naye, tafuta sababu, ndo muendelee.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

- Kipimajoto cha dijitali, kile cha kawaida cha famasi, ukiandike kabisa "cha mbwa", na Vaseline kidogo.
- Kola ya plastiki ya kumzuia kulamba. Ukikosa, tisheti ya pamba ya mtoto inasaidia kwa mguu wa mbele, kaptula kuukuu kwa mguu wa nyuma.
- Kitenge kigumu au taulo refu la kumwinulia.
- Mati za mpira, zile za kwenye gari ni nzuri sana na mitaani zinapatikana hata zilizotumika.
- Godoro jembamba na shuka mbili za kubadilisha.
- Chandarua cha kuzuia nzi. Kikiwa ni kile chenye dawa, kining'inize mbali asikifikie kukitafuna na kisiguse kidonda.
- Chumvi, maji yaliyochemshwa, gozi safi (kile kitambaa chembamba cha hospitali cha vidonda).
- Daftari, na simu yenye kamera.
- Namba ya daktari aliyemfanyia operesheni na ya mwingine wa akiba. Ukiwa Kampala una chaguo, kuna kliniki za binafsi na ile ya wanyama wadogo pale Chuo Kikuu cha Makerere. Ukiwa mbali, Arua ama Kabale, mtafute mapema afisa mifugo wa wilaya na umweleze kabla shida haijaja, maana wengi wao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, na ukimpigia saa nne usiku hajui mbwa wako ni nani utapoteza muda.

## Hatua ya 1: Siku za mwanzo, mzuie hata kama anataka kukimbia

Mbwa wengi wanasimama ndani ya siku moja au mbili baada ya operesheni. Hiyo si ruhusa ya kumwachia kiwanja. Mpaka nyuzi zitolewe, kawaida siku ya 10 hadi 14, atoke na kamba tu, dakika chache, ajisaidie arudi alale. Hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye kochi, hakuna kucheza na mbwa wengine.

Sababu: miguu ya mbele ndo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mbwa, karibu asilimia 60. Aliyepoteza mguu wa mbele ule mmoja uliobaki unabeba kazi ya miwili ghafla, na huyo ndo huanguka sana na kukata tamaa haraka. Wa mguu wa nyuma anajifunza upesi zaidi, lakini huyo naye anakudanganya, unamwona mzima kumbe kidonda kinavutika ndani.

## Hatua ya 2: Akigoma kuamka, mpime kwanza

Usimwinue kwa nguvu. Kaa chini karibu naye, umwite jina, halafu fuata mpangilio huu. Hauchukui hata dakika kumi.

Fizi. Inua mdomo wa juu. Fizi ziwe na rangi ya waridi (kama mbwa wako ana fizi nyeusi, angalia ndani ya kope la chini). Bonyeza na kidole, papauke, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe, mwili baridi, mbwa mlegevu, hiyo inaweza kuwa damu inavuja ndani. Usingoje asubuhi, kodi gari uende. Na si boda tafadhali, ule mtikisiko na kidonda kibichi havipatani.

Joto. Paka Vaseline, ingiza kipimajoto taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni kati ya 38.3 na 39.2. Ikipita 39.5 piga simu. Usishike pua ati ni baridi au ni moto, pua haikuambii kitu.

Pumzi. Akiwa amelala usingizi, hesabu kifua kikipanda kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Mbwa aliyetulia huwa chini ya 30. Akihema sana bila joto la mchana wala mazoezi, mara nyingi ni maumivu.

Mkojo. Amekojoa leo? Masaa 24 bila mkojo ni shida ya daktari. Haja kubwa ni tofauti, kukaa siku tatu nne bila choo ni kawaida, dawa za maumivu zinafunga tumbo na pia hakuwa na chakula.

Andika yote kwenye daftari na saa. Ukimpigia daktari ukamwambia "joto 39.7, fizi nyeupe kidogo, hajakojoa tangu jana jioni" atakusaidia mara moja. Ukimwambia "mbwa hayuko sawa" mtazunguka tu.

Vipimo vyote vikiwa sawa, pumua, uende hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Kisome kidonda

Hapa ndo watu wengi wanashindwa, sababu wanaangalia mara moja tu wakiogopa. Piga picha kila asubuhi, mahali pale pale, mwanga ule ule wa dirishani. Picha ya jana ndo itakuonyesha kama leo kuna mabadiliko. Jicho lako peke yake litakudanganya.

Osha mikono. Tumia mgongo wa vidole, gusa pembeni ya mshono kisha gusa upande wa pili wa mwili wake penye ngozi nzima. Linganisha joto. Halafu nusa, kabisa, sogeza pua karibu. Kidonda kizuri hakinuki kitu zaidi ya mbwa.

Utakutana na mambo haya:

Michubuko ya zambarau au kijani ikishuka kuelekea tumbo au mguu wa jirani. Inatisha lakini ni damu ya chini ya ngozi inafuata mteremko. Inaisha yenyewe.

Uvimbe laini kama umejaa maji, kwenye sehemu ya chini kabisa ya mshono, hauna moto, na mbwa hajali ukigusa. Hiyo madaktari wanaita seroma, ni majimaji yamekusanyika pale palipokuwa na mguu. Chanzo chake kikubwa ni mbwa kutembea sana mapema. Mpumzishe, mtumie daktari picha. Usitoboe na sindano! Ukitoboa nyumbani umefungulia wadudu mlango, na yale majimaji yatajaa tena tu. Nyingi zinanywea zenyewe ndani ya wiki chache.

Uvimbe wa moto, mwekundu, unauma, unatoa usaha au harufu. Hiyo ni maambukizi. Daktari siku hiyo hiyo. Usianze antibiotiki iliyobaki ya mtoto, utaficha dalili na dozi haitakuwa yake.

Mshono umeachia. Ikiwa ni uzi mmoja na ngozi bado imeshikana, picha na simu. Ikiwa unaona nyama ndani, funika na gozi iliyolowa maji ya chumvi, mvishe kola, nenda.

Damu inayodondoka. Tone moja moja la majimaji mekundu siku za mwanzo si kitu. Ikidondoka mfululizo, kandamiza na kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kila ukichungulia unaanza upya. Haijakoma? Twende kliniki.

Funza. Nzi wa hapa kwetu hawana huruma, wanataga kwenye kidonda chenye unyevu na baada ya siku moja tu unaona kitu kinachezacheza. Mbwa analamba pale pale bila kukoma, na kuna harufu tamu mbaya. Usimwagie dawa ya kupe wala petroli. Mpeleke wakatolewe wote na pasafishwe.

Kusafisha: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, gozi, guse guse taratibu, kausha. Basi. Spiriti inaunguza nyama changa. Majivu yanaleta uchafu. Oili chafu ya gari, ambayo jamani watu bado wanapaka mbwa, ni sumu na ataila akilamba. Kavera (mfuko wa plastiki) juu ya kidonda nayo hapana, hata kama ni msimu wa mvua, inafukiza jasho ndani na kidonda kinaoza. Mvua ikinyesha akojoe kwenye baraza, utaosha baadaye. Na asiogeshwe mpaka nyuzi zitoke.

Kidonda kinachoenda vizuri kinazidi kuwa kikavu, kingo zimeshikana, wekundu unapungua kila picha.

## Hatua ya 4: Maumivu, pamoja na ya mguu ambao haupo

Mbwa hawalii sana. Maumivu yao utayaona kwenye kukataa kulala chini, kulala na kuamka kila dakika, kutazama kidonda, masikio nyuma, macho makubwa, kutetemeka, kukataa hata kipande cha nyama.

Swali la kwanza: dawa ulizopewa, unampa kwa saa? Watu wanaacha siku ya tatu "sababu anaonekana sawa". Anaonekana sawa kwa sababu ya dawa. Weka alamu, maliza dozi, na kama umepewa gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, usiiache ghafla, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo.

Swali la pili ni zito zaidi: umempa nini kingine? Diklofenaki na ibuprofeni za watu zinachoma tumbo la mbwa na kuua figo. Panadol ina kiwango kidogo sana kati ya dawa na sumu, usijaribu. Kama anatumia meloksikamu au karprofeni, dawa za maumivu na uvimbe ambazo madaktari huwapa mbwa, asichanganyiwe na deksamethasoni, ile sindano ambayo huku inachomwa kwa kila ugonjwa, kwa hiyo ukienda kwa daktari mwingine mpeleke na paketi za dawa anazokunywa. Akitapika au akitoa choo cheusi kama lami, simamisha dawa, piga simu. Na dawa za maji za watu, ikiwemo gabapentini ya maji, zingine zina zailitoli, ile sukari ya bandia, ambayo kwa mbwa ni sumu. Soma kibandiko.

Sasa kuna hii ambayo inawachanganya wengi. Mbwa amelala vizuri, kidonda kizuri, joto sawa. Ghafla anaruka na kupiga ukelele, anageuka haraka kutazama pale mguu ulipokuwa kama kuna kitu kimemuuma, mkia umeingia katikati, misuli ya kigutu inaruka ruka yenyewe chini ya ngozi. Anakimbilia kona. Dakika moja, mbili, imeisha, amelala tena, na nyumbani mnaangaliana mkidhani ni nyoka au ni uchawi. Mishipa iliyokatwa bado inapeleka habari kwenye ubongo na ubongo bado unaamini mguu upo. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, si kujifanya.

Cha kufanya: usimshike wakati huo, ongea naye chini chini, usipige kelele, ondoa watoto. Ikipita, weka kiganja chako bapa kwenye shingo na mabega, sio kwenye kidonda, usugue polepole. Chukua video. Hii ndo kitu muhimu zaidi, maana kliniki hatafanya hivyo mbele ya daktari na bila video huenda hawatakuelewa. Gabapentini ndo dawa inayotumika sana kwa shida hii, na daktari anaweza kuongeza dozi au kubadilisha mpangilio. Mashambulizi kupungua kutoka mara kadhaa kwa siku mpaka mara moja moja kwa wiki, hiyo ndo njia yenyewe ya kupona.

Onyo la mwisho: mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata mwenye mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika. Aking'ata mtu, osha jeraha na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Kagua sakafu

Kuna jike mmoja mtaani kwetu, mguu wa mbele, wiki nzima alikataa kutoka chumbani na watu walishasema ni huzuni. Ukimtazama kwa makini alikuwa anafika mlangoni, ananusa, ananyoosha mguu mmoja, unateleza kidogo, anarudi. Vigae. Aliwekewa mati za mpira kutoka godoro mpaka nje na jioni hiyo alitoka mwenyewe.

Mbwa wa miguu mitatu akianguka vibaya mara moja anaikumbuka ile sehemu. Kwa hiyo tandaza njia nzima bila kuacha pengo: godoro, maji, chakula, mlango. Mkeka wa plastiki na gunia vinateleza juu ya vigae, havifai. Sakafu ya simenti iliyopigwa wakisi nyekundu ni mbaya kuliko vigae. Kata kucha, punguza manyoya kati ya vitanga vya miguu.

Ukifaulu utaona anaangalia mbele anapotembea, haangalii chini.

## Hatua ya 6: Mbeleko ya kumwinulia

Kunja kitenge kiwe na upana wa kiganja chako mara mbili. Kwa aliyekatwa wa nyuma, kipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo. Dume, hakikisha hujabana uume, la sivyo hatakojoa na utafikiri ni ugonjwa. Kwa aliyekatwa wa mbele, kipite chini ya kifua nyuma ya mguu uliobaki, mbali na mshono.

Usimbebe, msaidie tu kusawazisha. Ukiona miguu haigusi chini umevuta sana. Dume aliyezoea kuinua mguu ataanguka mara kadhaa, mshikilie wima mpaka ajifunze kukojoa akiwa amechuchumaa au ameegemea mbele.

## Hatua ya 7: Chakula

Siku moja mbili za kula kidogo ni kawaida. Zikipita siku mbili bila kula kabisa, daktari. Pasha chakula moto kidogo kitoe harufu, mukene (dagaa) iliyochemshwa bila chumvi juu ya posho (ugali) laini huwavuta wengi, ama yai. Usimpe mchuzi wenye kitunguu. Choo kikigoma, maji mengi na malenge yaliyochemshwa. Wa mguu wa mbele mwinulie bakuli mpaka usawa wa kifua, akiinama chini anaanguka na uso.

## Hatua ya 8: Kuanza tena kutembea

Baada ya kurudi nyuma usianzie pale alipoishia. Anzia nusu. Kama alikuwa anatembea dakika kumi, sasa tano, mara tatu nne kwa siku, na kamba fupi. Mbwa wa miguu mitatu hawezi kutembea polepole sana, anaruka, na kuruka kunachosha, kwa hiyo mapumziko ni sehemu ya zoezi.

Ongeza dakika moja mbili tu, na uangalie kesho yake asubuhi. Ameamka kama kawaida? Endelea. Ameamka mgumu, anachechemea? Rudi kwenye dakika za juzi kwa siku mbili. Asubuhi ya kesho yake ndo mwamuzi, sio furaha yake akiwa njiani.

Nyuzi zikitoka na kidonda kikifunga, ongeza zoezi la kusimama: asimame kwenye mati, umwonyeshe kipande cha nyama kushoto, kulia, juu, sekunde chache chache. Baadaye kusimama juu ya godoro laini. Inajenga misuli ya tumbo na mgongo ambayo sasa ndo inafanya kazi ya mguu uliotoka. Milima yetu ya Kampala iache kwa wiki za mwanzo, hasa kuteremka kwa yule wa mguu wa mbele.

Majirani watakuja kukwambia mbwa wa miguu mitatu hana kazi, afadhali umalize mateso. Kama anakula, analala, anapiga mkia ukiingia, usiwasikilize. Atabweka usiku vile vile.

## Hatua ya 9: Akirudi nyuma baada ya miezi

Hapa kidonda kimeshapona, kwa hiyo angalia miguu iliyobaki. Vitanga vimechubuka na marami, yaani changarawe ya barabarani? Ukucha umevunjika? Kifundo cha mguu wa mbele kinalala chini kila akikanyaga? Mgongo unaruka ukiugusa? Kupe je, maana ugonjwa wa kupe unaleta uchovu na homa ambavyo watu wanasingizia mguu. Na kama mguu ulikatwa kwa sababu ya saratani ya mfupa, kikohozi kipya au pumzi ya haraka akiwa amelala ni safari ya daktari na picha ya kifua.

Lakini sababu ninayoiona sana ni uzito. Kila kilo ya ziada iko juu ya miguu mitatu. Mbavu uzipate ukipapasa bila kubonyeza. Mara moja kwa mwezi panda mizani umembeba, andika, mweke chini, panda peke yako, toa. Namba ikipanda miezi miwili mfululizo, punguza posho, nyama na mukene zibaki vile vile.